Kwa mume na mke wa Faugères: malazi kwenye shamba la mizabibu la kilimo hai

Kwanza ujue hapa si hotelini. Ni nyumba ya mawe ya mume na mke wanaolima hekta 7 za mizabibu kwa kilimo hai karibu na Faugères, kijiji cha kusini mwa Ufaransa, kaskazini ya mji wa Béziers. Vyumba viwili vya juu wamevifanya vya wageni. Nililipa euro 75 kwa chumba pamoja na chai ya asubuhi, na euro 25 kwa kila mtu kwa chakula cha jioni, kinacholiwa mezani kwao, pamoja nao. Wameniomba nisitaje jina la shamba, maana vyumba ni vichache na kazi ni nyingi, na ombi lao nimeliheshimu. Uzoefu wenyewe nauandika, kwa sababu sijawahi kulipia malazi mahali nikaondoka nimeelewa mambo mengi kiasi kile.

Mimi ni mtu wa Dodoma. Shangazi yangu ana zabibu Hombolo, na sasa naishi Lyon kwa ajili ya kazi. Kwa hiyo nilikwenda na maswali ya mtu aliyekulia kwenye mizabibu, na wenyeji walifurahi kuulizwa. Walipotoa macho ni pale nilipowaambia kwamba Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka. Kwao mzabibu hulala kipindi chote cha baridi, huchipua Machi au Aprili, na mavuno ni mara moja tu, kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi Septemba ikiishia. Likiharibika hilo moja, mwaka umekwenda. Aprili 2021, baridi kali iliyopiga karibu Ufaransa nzima iliunguza machipukizi kwenye kipande chao cha bondeni usiku mmoja. Mume alinipeleka akanionyesha mistari yenyewe, na alivyokuwa akisimulia ungedhani ni jambo la juzi.

Udongo wa pale ndio sifa ya Faugères. Ni mwamba wa shisti, mawe meusi na ya kijivu yanayobanduka kama kurasa za kitabu kilicholowa, na mizizi hupenya katikati ya zile tabaka kufuata unyevu. Maji hayatuami. Pembeni kuna vichaka vya mimea yenye harufu, zaatari na rosmari, na ukitembea saa za jua harufu hiyo inakufuata hadi nyumbani. Halafu kuna upepo. Ule wa kaskazini magharibi wanauita Tramontane, mkavu na mkali, na kwa mkulima wa kilimo hai ni rafiki kuliko dawa yoyote, kwani hukausha majani baada ya mvua na kuvu hawapati pa kukaa. Ukivuma ule wa kutoka baharini, wanaouita marin, majani hubaki na unyevu na nyumba nzima huingia wasiwasi. Nilimwona mke akitoka barazani kabla hata ya kunywa kahawa, akageuza uso kuutafuta upepo, ndipo akaamua kazi za siku.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu wengi wetu tukisikia kilimo hai tunadhani maana yake ni kutopulizia kitu. Wanapulizia. Adui zao wawili wakubwa ni walewale tunaowajua, magonjwa ya kuvu: ubwiri unga na ubwiri vinyoya. Kwa ubwiri unga hutumia salfa, kama ile inayopigwa kwenye mikorosho Mtwara. Kwa ubwiri vinyoya hutumia shaba, yaani mrututu uliochanganywa na chokaa, dawa ya bluu wanayoiita mchanganyiko wa Bordeaux. Tofauti iko kwenye mipaka. Sheria ya Umoja wa Ulaya inaruhusu kilo 28 za shaba kwa hekta katika miaka 7, wastani wa kilo 4 kwa mwaka, maana shaba haiozi. Hujikusanya udongoni na kuwadhuru minyoo. Mke ana daftari ambamo kila gramu imeandikwa, na mkaguzi huja kila mwaka kulisoma. Dawa hizi, tofauti na nyingi za viwandani, haziingii ndani ya jani. Mvua ikinyesha zinaoshwa, na kazi inaanza upya.

Salfa nayo ina hatari yake: kwenye joto kali huunguza majani. Tarehe 28 Juni 2019, siku ambayo Vérargues, kijiji kilicho ndani ya mkoa uleule wa Faugères, Hérault, kipimo cha joto kilifika nyuzi 46, majani na vichala vilikauka vikiwa bado kwenye mti. Tangu hapo mume hatoi trekta kabla ya kusoma utabiri wa wiki nzima, na akipuliza huanza kungali giza.

Niliona pia vijichupa vya plastiki vimening'inizwa kwenye matawi, nikauliza. Vinatoa harufu ya nondo jike wa zabibu. Hewa nzima ikijaa harufu hiyo, dume hajui amfuate nani, mayai hayatagwi na viwavi hawapatikani. Hakuna sumu hata tone. Hilo nalitamani kwa wakulima wetu pia.

Asubuhi ya kuvuna ndiyo niliyoipenda zaidi. Tulitoka kukiwa na ubaridi, kwa sababu zabibu zikiingia kwenye matangi na joto, uchachukaji hukimbia na harufu nzuri hupotea. Wavunaji wao wa msimu wana mikataba na mishahara. Mgeni hapewi kazi ile, kwa kuwa sheria ya Ufaransa hairuhusu biashara kuchumisha watu bure. Unachopata ni muda mfupi wa kukata vichala kama sehemu ya ziara uliyolipia, ukiwa na mkasi na ndoo yako. Walinipa mstari wa Carignan, aina ya zabibu nyekundu, mizabibu ya zamani isiyoegemezwa kwenye waya, kila mmoja umesimama peke yake mfupi na mnene. Kwa mashine ni vigumu kuvuna miti ya umbo hilo. Ni lazima uiname. Mke alinielekeza kukata kikonyo na kukigeuza kichala kabla ya kukiweka ndooni, kutazama kama ndani kuna uozo, na alipita nyuma yangu akakagua bila aibu. Nilimheshimu kwa hilo.

Yeye ndiye fundi wa mvinyo. Alisomea Montpellier, na ghala ni himaya yake, mume akiwa mtu wa shamba. Carignan huiweka nzima nzima kwenye tangi la saruji lililofungwa na kujazwa hewa ya ukaa, hivyo zabibu huanza kuchachuka ndani ya ganda lake, na ukali wa ganda haukamuliwi mwingi. Hamira haongezi, anaiachia ile iliyokuja na zabibu kutoka shambani. Kuhusu salfaiti, yaani kihifadhi kinachotiwa kwenye mvinyo, mvinyo mwekundu mkavu wa kawaida Ulaya unaruhusiwa hadi miligramu 150 kwa lita, wa kilimo hai 100. Yeye alinionyesha karatasi ya maabara, na wake uko chini sana ya hapo.

Ladha? Matunda meusi, majani makavu ya vichakani, na mwishoni kitu kama jiwe lililolowa. Sio mvinyo mtamu. Aliyezoea tamu za nyumbani atahitaji chakula pembeni, na mwana-kondoo anayeokwa na mume kwa zaatari anatosha. Mwenzangu niliyesafiri naye hanywi pombe, na hakuachwa pembeni hata mara moja: mke hukamua juisi ya zabibu za Cinsault na kuifunga kwenye chupa nzuri, na mezani ilimiminwa kwa heshima ileile. Soseji zao ni za nguruwe, kwa hiyo asiyekula aseme wakati wa kuweka nafasi. Sisi tulisema, na tukapikiwa samaki.

Chupa wanaiuza euro 14. Dukani Lyon napata mvinyo wa kusini kwa euro 4, na zamani nilikuwa nasita. Sasa hesabu naijua. Ile Carignan ya zamani inatoa hektolita 20 hivi kwa hekta, yaani lita 2,000, sawa na chupa 2,600 hivi, na kila kichala kimekatwa kwa mkono. Walipoanza kilimo hai walikaa miaka 3 ya mpito, wakifuata masharti yote bila kuruhusiwa kuuza mvinyo kama wa kilimo hai. Na wanafanya haya wakati ambapo Wafaransa wanakunywa mvinyo mwekundu mchache kuliko wazazi wao. Mwaka 2024 serikali iliweka fidia ya euro 4,000 kwa hekta kwa mkulima anayekubali kung'oa mizabibu yake na kutoirudisha. Jirani yao amechukua. Shamba lake sasa ni ardhi tupu, na mume huwa hapitii njia ile kama ana njia nyingine. Nilinunua kreti mbili bila kuomba punguzo.

Kasoro zipo. Chumba hakina kiyoyozi, na Septemba usiku kuna joto. Ukifungua dirisha mbu wanaingia, na chandarua hakuna. Intaneti ni dhaifu. Basi halifiki, hivyo bila gari utategemea mke akufuate stesheni ya Béziers, jambo analolifanya kwa hisani na wala si sehemu ya bei. Kiingereza chao ni kidogo, na asiyejua Kifaransa atakosa nusu ya utamu, maana utamu wa mahali pale ni maelezo.

Ukitaka nyumba ya namna hii, tafuta kibao chenye picha ya mtu aliyebeba pipa begani: ni alama ya wakulima wanaotengeneza mvinyo wenyewe kutokana na zabibu zao. Kisha kwenye chupa tazama alama ya kilimo hai: jani la kijani la Umoja wa Ulaya lenye nyota, au herufi AB za Ufaransa. Uliza kama wana vyumba, baadhi wanavyo. Septemba hujaa mapema. Februari ni mwezi wa kupogoa, wageni hakuna, na mke aliniambia kwamba ndipo anapokuwa na nafasi ya kueleza kwa nini anaacha tawi hili na kukata lile.