Sahani Iliyotimia Katika Mgahawa Usio na Kibao, Ngamiani

Miezi miwili iliyopita mama yangu alirudi kutoka kliniki ya shinikizo la damu na maagizo matatu kuhusu chakula: apunguze chumvi, aongeze mboga na matunda, na wanga usitawale sahani yake. Kwa kuwa siku nyingi mchana hutukuta mjini Tanga, nilianza kutafuta mahali ambapo angeweza kuyafuata maagizo hayo bila kutengewa chakula cha mgonjwa huku sisi wengine tukila vyetu. Nilipapata Ngamiani, si mbali na soko la Mgandini, katika mgahawa mdogo usio hata na kibao, na tumekwisha kula hapo mara tisa.

Mwongozo wa kitaifa wa ulaji unagawa vyakula katika makundi sita, ambayo ni nafaka, mizizi yenye wanga na ndizi mbichi; jamii ya kunde, karanga na mbegu; vyakula vya asili ya wanyama; mboga; matunda; na mafuta. Tanga haikunyimwa hata kundi moja kati ya hayo, kwani samaki hushushwa hapa hapa kwenye mwalo wa Deep Sea, mboga huteremka kutoka Lushoto, machungwa hutoka Muheza na nazi hutoka Pangani. Kasoro ya migahawa mingi huwa kwenye upawa. Mlaji hupewa kilima cha wali, kipande cha samaki, na mboga kiasi cha kijiko kimoja iliyowekwa ukingoni kama pambo, na tunda halipo kabisa.

Katika mgahawa huu mpishi hupakua mboga kwanza, kisha kunde au samaki, na wali au ugali huja mwisho kujaza nafasi iliyobaki. Nilipomuuliza sababu alinieleza kwamba wali ukitangulia, mboga hukosa mahali pa kukaa. Huo ndio ubora wa mgahawa huu kwa maoni yangu, kwa sababu kipimo kimewekwa na mpishi mwenyewe na mlaji halazimiki kukidai.

Sahani tuliyoipenda zaidi ni ya ugali wa dona, kibua mmoja wa kupaka, kunde, matembele na kipande cha papai, kwa shilingi 4,000. Dona husagwa pamoja na ganda na kiini cha hindi, kwa hiyo hubaki na nyuzinyuzi na vitamini ambazo sembe hupoteza mashineni. Matembele yana madini ya chuma, lakini chuma cha mboga hufyonzwa kwa shida mwilini pasipo vitamini C, na ndiyo maana nilifurahi kuona kila meza ina ndimu iliyokatwa na kwamba tunda huletwa pamoja na chakula bila kuongezewa bei. Asiyetaka samaki hupewa wali na mbaazi kwa shilingi 2,500, na hapungukiwi, kwa kuwa protini ya mchele ina uhaba wa lisini, mojawapo ya viini vinavyounda protini, ambayo mbaazi inayo kwa wingi. Mbaazi hizo zilikuwa laini na zimekolea tui, nami nilizila kwa raha. Hata hivyo, mafuta ya nazi kwa sehemu kubwa ni ya aina inayopandisha lehemu mbaya, hivyo mama huagiza kunde zilizochemshwa kwa kitunguu na nyanya, ambazo nazo hupatikana kila siku.

Chumvi ndiyo iliyotusumbua. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja cha chai, ilhali mchuzi wa samaki wa siku mbili za kwanza ulikuwa mkali kiasi kwamba mama aliuacha. Tulilieleza jambo hilo kwa upole, na tangu hapo mpishi humtengea kibua aliyepakwa ndimu, kitunguu saumu na pilipili manga tu, ambaye kwa ladha hajazidiwa na wale wengine. Sharubati ya ukwaju nayo ina sukari kupita kiasi, na ni heri kuagiza maji. Siku ya Ijumaa kipimo huvunjika kabisa: pilau huja kwa wingi na nyama yake, mboga ikiwa ni kachumbari peke yake. Sioni sababu ya mpishi anayejua kupakua vizuri siku nyingine zote kuiacha siku ambayo watu wengi zaidi huja kula.

Huduma ni ya haraka na ya heshima. Kijana anayehudumia humwamkia mama shikamoo kabla ya kuuliza tunachotaka, na maji ya kunawa huletwa pamoja na sabuni. Meza ni sita tu.

Anayekusudia kwenda afike kabla ya saa saba mchana, kwa sababu baada ya hapo matembele huwa yamekwisha na mboga inayobaki ni kabichi, ambayo mara zote mbili tulizoikuta ilikuwa imepikwa mpaka ikalegea na kupoteza rangi.