Uzoefu wangu: mfereji wa uani uliorudisha maji jikoni

Nilitaka kuandika haya kwa upole, kwa sababu chemba waliyonijengea mafundi ni safi kabisa. Zege limekaa, mfuniko unafunga, kona zimenyooka. Lakini mvua zilipochanganya maji yalirudi kusimama chini ya dirisha la jikoni, lipu ya nje ikaanza kubanduka, na upole ukaniisha.

Kazi yenyewe ilikuwa kuondoa maji yanayotuama uani, Nkuhungu, upande wa bondeni. Bomba la matundu la inchi 4, urefu mita 18, kutoka ukuta wa jikoni hadi shimo la kunyonyea maji karibu na uzio. Mafundi ni wa kampuni moja ya hapa Dodoma, sitaitaja. Mpango wenyewe haukuwa mbaya. Kilichoua kazi ni kwamba hawakupima mteremko.

Bomba la namna hii linatakiwa kushuka walau sentimita 1 kwa kila mita. Mita 18, sentimita 18. Wao walichimba mtaro wenye kina kile kile, sentimita 45, mwanzo hadi mwisho, wakifuata uso wa ardhi. Na ardhi ya uani inapanda kidogo kuelekea uzio, ingawa kwa macho utaapa iko sawa. Nilipomwomba msimamizi apime kwa mpira wa maji kabla ya kulaza bomba, alinijibu mbele ya vibarua wake: "Bosi, maji yanajua njia yake." Kisha akanipa mgongo na kuendelea na simu.

Maji hayajui njia. Yanajua kushuka, basi. Na jibu hilo ndilo lililonikera kuliko hasara yenyewe, maana kipimo nilichoomba ni cha robo saa. Unachukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ule unaouzwa kwa mita kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Unaujaza maji taratibu hadi mapovu yote ya hewa yatoke, kwa sababu povu moja likibaki kipimo kinadanganya. Mmoja anashika ncha mwanzo wa mtaro, mwingine mwisho, kila mmoja ameusimamisha kwenye kijiti. Maji yakitulia, unaweka alama pande zote mbili, unapima kutoka alama kushuka hadi mgongo wa bomba. Upande wa mwisho lazima usome zaidi.

Tulipofukua nilipima mwenyewe. Jikoni, sentimita 102. Kwenye uzio, 95. Mwisho wa bomba uko juu ya mwanzo wake kwa sentimita 7! Walitakiwa kufika kina cha sentimita 70 pale kwenye uzio (45, jumlisha 7 ardhi inazopanda, jumlisha 18 za mteremko), wakaishia 45. Kwa hiyo kila tone lililoingia lilikuwa linarudi ukutani, na bomba lilikuwa limeshajaa tope jeusi hadi nusu, laini kama uji, kwa sababu maji yaliyosimama hutua uchafu wote pale pale.

Matundu nayo waliyaelekeza juu. Mafundi wengi hufanya hivi wakidhani maji yanaingia kutoka juu kama kwenye sinki. Maji ya ardhini hupanda kutoka chini ya kokoto, hivyo matundu yakitazama chini, maji yanaanza kuingia mapema. Yakitazama juu, mtaro lazima ujae hadi juu ya bomba kwanza, na msingi wa nyumba unakuwa umeshalowa.

Na shimo? Lilijaribiwa mwishoni mwa kiangazi. Msimamizi akamwaga ndoo moja, ikazama papo hapo, akatangaza kuwa udongo huu unakunywa. Udongo mweusi wa mbuga hupasuka ukikauka, na ndoo yake iliingia kwenye nyufa. Ukilowa unavimba, nyufa zinafunga, na hapo haunyonyi tena. Kipimo cha kweli ni kuchimba hadi kina cha shimo lenyewe, kujaza maji, kuyaacha yalale, kujaza tena kesho yake, ndipo uhesabu yanashuka kiasi gani kwa saa. Yakishuka chini ya sentimita 1, sahau habari ya shimo. Wenye udongo mwekundu wa kichanga kwenye miinuko, shimo linaweza kuwafaa, ila likae walau mita 5 kutoka msingi.

Hata ukubwa hawakuukokotoa. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Nusu ya paa inayomwaga uani ni mita 60 za mraba. Mvua moja ya milimita 40 inaleta lita 2,400. Shimo la duara la upana wa mita 1.2 na kina cha mita 2 ni lita 2,260 likiwa tupu, na wao walilijaza mawe, ikabaki nafasi ya lita 900 hivi. Dodoma tunapata milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, ndiyo maana watu wanadhani hapa hakuna mvua ya kuogopa. Inakuja kwa mafungu, na fungu moja linatosha kuharibu ukuta.

Nilikuwa nimeshaamua kuwapa sifuri. Lakini kijana msaidizi wao, yule aliyeuliza siku ya kwanza "hatupimi?" akaambiwa anyamaze, alikuja peke yake Jumapili na mpira wa maji begani. Tukarudia. Mtaro upana sentimita 40, kokoto za robo tatu inchi zilizooshwa, sentimita 10 chini ya bomba, matundu chini, kokoto tena juu, zote zimefungwa kwa kitambaa cha kuchujia. Si nailoni, nailoni inazuia maji. Maji ya gata tumeyatoa kabisa huko, yanaingia kwenye tangi, maana kumwaga maji ya paa katika mji wa mgao ni dhambi. Bomba sasa linatokea kwenye mtaro wa mtaa, ambao sakafu yake tuliipima kwanza kuhakikisha iko chini zaidi. Usiunganishe kamwe na shimo la choo, mvua ya kwanza tu litafurika. Ardhi inayogusa ukuta tumeishindilia ishuke sentimita 15 ndani ya mita 3.

Kwa hiyo siwezi tena kusema kampuni nzima ni mbovu. Wana fundi mmoja wa kweli na wanamtumia kubeba kokoto. Msimamizi amepiga simu kuulizia salio. Nimemwambia salio lote nimempa kijana, na risiti ameandika yeye.