Uzoefu Wangu wa Kusoma Historia katika Chuo cha Jamii, Marekani

Nilisoma historia kwa mihula minne katika chuo cha jamii nchini Marekani, yaani chuo cha miaka miwili ambacho kwa kawaida humpokea yeyote mwenye cheti cha sekondari, na ambacho mhitimu wake anaweza kuendelea na mwaka wa tatu katika chuo kikuu. Kabla ya hapo, historia kwangu ilikuwa somo la kukariri: Mkutano wa Berlin 1884 hadi 1885, Vita vya Majimaji 1905 hadi 1907, sababu tano, matokeo matano, mtihani, basi.

Karatasi moja ndiyo iliyonigeuza. Katika kozi ya kwanza ya historia ya Marekani, ambayo vyuo vingi huigawa sehemu mbili kwenye mwaka 1865 au 1877, mwalimu alitugawia nakala ya mkataba wa kazi wa mwaka 1866, uliotoka katika kumbukumbu za idara ya serikali iliyoundwa mwaka 1865 kuwasaidia watu waliotoka utumwani. Mwenye shamba alikuwa ametia sahihi kwa herufi ndefu zilizolala. Wafanyakazi, ambao majina yao yaliandikwa na mtu mwingine, walikuwa wameweka alama ya X. Moja ilikuwa imepinda, nyingine wino wake umekolea kana kwamba kalamu ilikandamizwa. Kipindi kizima tulikimaliza juu ya karatasi hiyo. Nani aliyatunga maneno haya? Je, aliyeweka X alisomewa yote? Kwa nini malipo yawe sehemu ya mavuno, yasubiriwe hadi mwisho wa msimu, ilhali siku ya kutofika kazini inakatwa papo hapo? Nilijua kwamba Marekebisho ya 13 ya Katiba yalifuta utumwa Desemba 1865, lakini sikuwa nimewahi kujiuliza mtu aliyeachwa huru alikwenda kulima shamba la nani mwaka uliofuata.

Darasani tulikuwa chini ya thelathini, na insha zetu zilisahihishwa na mwalimu mwenyewe. Yangu ya kwanza ilirudi ikiwa na neno lilelile pembeni mwa sentensi saba: "Umejuaje?" Iliniuma, kwa kuwa nilikuwa nimezoea kusifiwa, lakini hakuna somo lililonifaa kuliko hilo.

Maktaba ya chuo ilikuwa ndogo, nami sikuona hasara kubwa, kwa sababu Maktaba ya Bunge la Marekani imeweka nyaraka nyingi mtandaoni bila malipo, na fomu za sensa ya mwaka 1950 zilifunguliwa kwa umma Aprili 2022, baada ya miaka 72 ya kufungwa kisheria.

Upungufu upo, na mmoja wao ni mzito. Baada ya kozi za utangulizi, machaguo yalikuwa machache mno. Kozi ya historia ya Afrika niliyoisubiri mwaka mzima ilifutwa kwa sababu waliojiandikisha hawakutosha. La pili lilinigharimu: mshauri wa masomo alinihakikishia kwamba kozi moja ya historia ya dunia ingehesabiwa katika fani yangu nitakapohamia chuo kikuu, lakini chuo kikuu kiliipokea kama kozi ya ziada tu, nikalazimika kutafuta krediti 3 nyingine. Jibu la namna hiyo liombwe kwa maandishi, tena kutoka chuo kikuu unachokwenda, kabla ya kujiandikisha.

Pamoja na hayo, ningesoma tena palepale. Anayeanza namshauri achukue sehemu ya kwanza ya historia ya Marekani pamoja na kozi ya uandishi katika muhula mmoja, kwa kuwa insha huanza wiki za mwanzo kabisa, na mwalimu wa historia hatakuwa na muda wa kumfundisha namna ya kupanga aya.