Debian 13 kwenye kompyuta ya steshenari, Sinza

Nina steshenari Sinza: kompyuta mbili, printa moja yenye kiburi, na wanachuo wanaokuja saa mbili usiku na ripoti ya kukabidhi kesho asubuhi. Kompyuta kubwa niliihamishia Debian 13, mfumo endeshi wa bure unaokaa mahali pa Windows, toleo lililotoka 9 Agosti 2025. Nilikuwa naisubiri kwa sababu moja tu, GIMP 3, programu ya kuhariri picha.

Kwenye GIMP 2.10 nilikuwa nikishaongeza mwanga kwenye picha ya pasipoti na kuendelea na mengine, basi, siwezi kurudi kuurekebisha mwanga peke yake. Mteja akisema "kaka, mbona umening'arisha hivi, huyu siyo mimi," naanza upya. Sasa ile filta ya mwanga inabaki imeshikamana na leya yake, yaani tabaka la picha, bila kuyeyukia ndani. Naifungua, napunguza kidogo, naprinti. Jumamosi ukiwa na foleni mpaka barazani, hiyo ni hela.

GIMP 3.0 yenyewe ilitoka 16 Machi 2025, mlango wa Debian ukiwa umeshaanza kufungwa. Hawa jamaa wa Debian hawapokei kitu kwa upya wake. Programu inaanzia tawi linaloitwa sid, inakaa siku kadhaa, isipoonekana na hitilafu kubwa ndiyo inaingia tawi la testing, la majaribio, ambako toleo linapikwa. Kisha wanafunga kwa awamu: 15 Machi walizuia mabadiliko makubwa ya maktaba za msingi, 15 Aprili wakakataa programu ngeni, na kuanzia 15 Mei zile muhimu haziguswi bila ruhusa ya timu ya toleo. Baada ya hapo ni kuziba matobo tu.

Ndiyo maana LibreOffice yangu, programu ya kuandikia nyaraka, ni 25.2, wakati 25.8 ilitoka Agosti hiyohiyo. Kuna kijana wa chuo alinicheka. Nikamprintia kurasa zake tisini, majedwali yote yamekaa palepale alipoyaweka, akanyamaza. Nikitaka mpya ipo njia ya backports, hazina ya programu mpya zilizotengenezwa zikae kwenye toleo hili, ila kwa kompyuta inayonilisha sina haraka. Masasisho yanayokuja ni ya marekebisho, hayanihamishii menyu mteja akiwa amesimama.

Kilichoniuma ni kompyuta ya pili. Ni ya biti 32, aina ya zamani ya prosesa, na Debian 13 haina tena kisakinishi chake. Nimeiacha na Debian 12, inaprinti CV na kupiga muziki.

Nyota nne. Ya tano iko kwenye hiyo kompyuta kuukuu.