Bamba la 310S katika kazi za tanuri: tathmini

Bamba la aloi ya 310S, aina ya chuma cha pua chenye kromiamu na nikeli nyingi, hutumiwa sana kutengenezea trei na kuta za ndani za tanuri za viwandani, na kwa moto mkali usiozimwa linastahili sifa yake. Kromiamu yake, iliyo kati ya asilimia 24 na 26, hufanya juu ya bamba utando wa oksidi unaoizuia hewa ya moto isiendelee kukila chuma, ndiyo maana hustahimili takriban nyuzi 1,150 za Selsiasi.

Namba hiyo ndiyo wauzaji huitanguliza, nami naona inapotosha wanunuzi wengi. Tanuri inayowashwa na kuzimwa mara kwa mara ina hesabu yake: utando na chuma havisinyai kwa kiwango kimoja, hivyo utando hubanduka bamba linapopoa, na kikomo hushuka hadi nyuzi 1,035 hivi. Jambo zito zaidi, ambalo ni nadra kutajwa dukani, ni kwamba aloi hii huharibika hasa katika joto la kati. Ikikaa muda mrefu kati ya nyuzi 600 na 900, muundo wake wa ndani hubadilika ikawa ngumu na yenye kuvunjika kama kigae, kiasi kwamba trei iliyovumilia moto huweza kupasuka inapoangushwa ikiwa baridi. Kwa tanuri ya nyuzi 800, basi, nisingeinunua; aloi ya 800H, yenye nikeli ya asilimia 30 hadi 35, huikwepa dosari hiyo, ingawa ni ghali zaidi.

Kuchomelea si taabu, mradi waya uwe wa aina hiyohiyo. Fundi aache nafasi ya kutosha ya kupanuka, kwani bamba la mita moja huongezeka kwa takriban milimita 18 likifikia nyuzi 1,000, na likibanwa kwa boliti pande zote litajikunja. Mahali penye gesi za salfa na hewa haba, nikeli hushambuliwa upesi.

Mnunuzi adai cheti cha kiwanda kinachoonyesha viambato vya bamba lenyewe. Aloi ya 309S, yenye nikeli ya asilimia 12 hadi 15 tu, hufanana nayo kabisa kwa macho, na sumaku haisaidii, kwa kuwa zote mbili hazinasi.