Kisu chepesi cha kutembea nacho Lamu: kipi ununue na kipi ukiache dukani

Mtu anayevaa kikoi huujua uzito wa kisu kabla hajakata nacho kitu. Ukichomeka kisu cha gramu 200 na zaidi kwenye pindo la kiunoni, kisha ukateremka kutoka Mkomani hadi gatini, mkono mmoja utabaki na kazi ya kukishika kikoi njia nzima, na siku ya tatu kisu utakiacha nyumbani. Kisu kilichobaki nyumbani hakimfai mtu anapotaka kukata ugwe wa mzigo pale Mokowe, kumenya embe, kufungua gunia la mkaa au kukata mshipi wa kuvulia uliojisokota kwenye usukani wa mashua. Kwa sababu hiyo nimevipanga hapa visu visivyokunjwa, vingi vikiwa na kengee, yaani ile sehemu ya chuma yenye makali, ya sentimita 7 hadi 11, kwa kutazama mambo mawili ambayo katika kisiwa hiki hayakwepeki, yaani wepesi na chumvi.

Huenda msomaji akauliza kwa nini asinunue kisu cha kukunja, ambacho ni kidogo zaidi na hujificha mfukoni. Nilikuwa nacho kimoja kwa miaka kadhaa, wala sikukichukia. Tatizo ni bawaba, kwa kuwa humo ndimo mnamoingia mchanga wa Shela, magamba ya samaki na chumvi, na vikishakaa, kukifungua kisu kwa vidole vilivyolowa huwa ni kazi ya mikono miwili na meno. Kisu kisichokunjwa huoshwa kama kijiko, kikafutwa, kikarudi alani.

Tuanze na chuma chenyewe. Chuma cha kaboni hunoleka upesi, hushika makali vizuri, na huota kutu. Chuma kinachouzwa kwa jina la kisichoshika kutu kina kromiamu isiyopungua asilimia 10.5, na kromiamu hiyo inapokutana na hewa hufanya utando mwembamba mno, usioonekana kwa macho, unaoukinga uso wa kengee. Hata hivyo, jina hilo linaahidi kuliko linavyoweza kutimiza. Chumvi ya bahari huutoboa utando huo, na kisu kilichoachwa ndani ya ala yenye maji ya bahari kitaota vidoa vyekundu vinavyochimba kwenda chini kama vitundu vya funza wa mbao. Tofauti ni ya muda tu: cha kaboni huanza kuota kutu siku hiyo hiyo, ilhali kisichoshika kutu humvumilia mwenyewe akakisahau siku mbili tatu. Msimu wa kusi, ambapo hata misumari ya dirisha huvimba kutu bila kuguswa na maji, uvumilivu huo una thamani kubwa.

Baada ya chuma, tazama unene wa mgongo wa kengee, ambao kwangu mimi una uzito kuliko urefu wake. Kengee ya milimita 1.5 hupita katikati ya embe boribo bila kelele. Ya milimita 4 huipasua kama kabari ipasuavyo gogo, maji yakamwagika mkononi na kokwa likaruka. Watu hununua unene kwa kuogopa kuvunja kisu, lakini dafu lina panga lake na mlango uliokwama una tindo yake, na mtu asiyekipekecha kisu chake hatakivunja. Kengee nene pia ndiyo inayoongeza gramu, na gramu ndizo zinazokibakisha kisu nyumbani.

Kwa vipimo hivyo, nafasi ya kwanza ninakipa kisu ambacho wengi wanacho tayari jikoni bila kukihesabu, nacho ni kisu kidogo cha kumenyea matunda, chenye kengee ya sentimita 8 au 10 na mpini wa plastiki. Victorinox wa Uswisi hutengeneza kizuri sana, chenye uzito usiofika gramu 30, na Tramontina wa Brazili ana vyake vya bei nafuu zaidi. Chuma chake si kigumu mno, hivyo makali huisha mapema, lakini hurudi kwa kusuguliwa mara chache kwenye kinoo au hata kwenye kisigino cha kikombe cha udongo, pale chini pasipopakwa rangi. Chagua mpini mwekundu au wa manjano. Kisu cha mpini mweusi kikianguka ndani ya mashua penye maji na kamba, utakipata kwa mguu kabla ya kukipata kwa macho. Ni kweli kwamba msuka wake, yaani ile sehemu ya chuma iliyozama ndani ya mpini, haufiki mwisho, na kwa hiyo si kisu cha kugongwa mgongoni kwa nyundo. Kwa kukata, sijaona kinachokishinda kwa bei hiyo.

Kasoro yake kubwa ni kwamba huuzwa bila ala, na kisu kisicho na ala hakistahili kutembea na mtu. Ala nzuri hutengenezwa kwa kipande cha bomba la maji la plastiki la nusu inchi, ambacho kwa fundi wa mabomba mara nyingi hupatikana bure. Likate bomba kwa urefu wa kengee pamoja na sentimita 3 za ziada, ulizamishe kwenye sufuria ya maji yanayochemka, isiyotumika tena kwa chakula, mpaka lilegee kama ngozi mbichi, kisha ulibane kati ya vibao viwili hadi libaki na uwazi wa kengee tu. Lingali na moto, kisokomeze kisu kilichozungushiwa karatasi moja ya gazeti hadi mdomo wa bomba uukumbatie mwanzo wa mpini, ukishike hivyo kwa dakika moja huku unamwagia maji baridi. Bomba likiisha kuwa gumu, ondoa gazeti, funga ncha kwa ribiti au kwa uzi wa nailoni uliopitishwa kwenye matundu mawili, na uache nafasi maji yatoke. Usilipashe juu ya moto wa mkaa kama wafanyavyo wenye haraka, kwa kuwa plastiki hiyo ikiungua hutoa moshi wenye sumu. Ala yangu ya kwanza ilitoka imepinda kama ndizi. Ya pili ninayo mpaka leo.

Nafasi ya pili ni ya Mora, kutoka mji wa Mora nchini Uswidi, ambako visu vimetengenezwa kwa karne kadhaa. Toleo linalofaa hapa ni Companion la chuma kisichoshika kutu: kengee ya sentimita 10.4, unene wa milimita 2.5, na uzito wa takribani gramu 115 pamoja na ala yake ya plastiki. Makali yake yametengenezwa kwa mteremko mmoja mpana na bapa, hivyo anayejifunza kunoa huulaza mteremko huo juu ya kinoo na kusukuma, bila kubahatisha pembe. Mpini wake hauponyoki mkono ukiwa na utelezi wa samaki, jambo ambalo kisu cha matunda hakiwezi kujivunia. Kwa nini basi si cha kwanza? Mpini huo ni mnene, na kwenye pindo la kikoi hutokeza kama muwa. Anayevaa suruali na mkanda, au anayeshinda baharini, abadilishe nafasi hizi mbili bila kuniuliza. Sijakiona katika maduka ya hapa mjini, kwa hiyo itabidi kukiagiza. Ukiagiza, taja wazi kwamba unataka kisichoshika kutu, kwa sababu jina hilo hilo hutumika pia kwa cha kaboni. Lipo pia toleo fupi liitwalo Eldris, la sentimita 5.9 na gramu 80 hivi, lakini kwa ufupi huo nanasi litakushinda.

Cha tatu ni kisu cha mhunzi. Siyu, katika kisiwa cha Pate, ilisifika zamani kwa mafundi wa panga, majambia na kazi za ngozi, na mpaka leo mwambao huu hauna uhaba wa mafundi wanaoweza kufua kisu kutokana na springi ya gari, tupa iliyochakaa au msumeno wa kukatia chuma. Ninapendelea cha msumeno, kwa kuwa chuma chake tayari ni chembamba na fundi hana haja ya kukipunguza sana. Siri ya kisu hiki iko katika kutiwa matiko, yaani kupashwa moto mpaka kiwe chekundu, kisha kuzamishwa kwenye mafuta au maji ili kiwe kigumu. Chukua tupa ndogo uisugue polepole kwenye makali mbele ya fundi: ikiteleza kama juu ya kioo, chuma kimeiva, ikiuma na kutoa unga, umeuziwa bati lenye mpini. Kagua pia noleo, ile pete ya chuma penye mdomo wa mpini, kwa kuwa ikicheza leo, kesho mpini utapasuka.

Kisu cha mhunzi ni cha kaboni, na hapo ndipo nilipojifunza kwa gharama yangu mwenyewe. Changu kilikuwa na ala nzuri ya ngozi ya mbuzi, nami nikasafiri nacho kwa mashua hadi Kipungani, mawimbi yakatulowesha sote, na niliporudi nikakitundika ukutani kama kilivyo. Baada ya siku nne kisu kilikataa kutoka. Ngozi hunywa maji ya chumvi na kuyahifadhi, na kutu lilikuwa limeshaiunganisha kengee na ala yake, hata ikanibidi kuipasua ala kwa kisu cha jikoni. Anayependa ngozi aivae mjini, ila baharini achukue plastiki.

Nje ya mpangilio huu kuna visu vya chuma cha H1 na LC200N, ambamo naitrojeni imechukua sehemu kubwa ya kazi ya kaboni, na ambavyo maji ya bahari hayavipati kwa namna yoyote ya kuhangaisha. Spyderco wa Marekani ni miongoni mwa waliovitumia vyuma hivyo. H1 yenye makali laini huwahi kuwa butu, hivyo yenye meno ndiyo inayofaa zaidi kwa kamba. Bei yake hainunui kisu kimoja cha matunda bali boksi zima, kwa hiyo ninakipendekeza kwa nahodha au mpiga mbizi anayeishi majini.

Cha nne ni visu vidogo vya kuvaliwa shingoni, na mfano unaojulikana ni ESEE Izula: kengee ya sentimita 6.7, gramu 57 bila ala. Ni kisu imara na kina wapenzi wengi kwingineko, lakini chuma chake cha 1095 ni cha kaboni, rangi iliyopakwa hailindi makali, na unene unaokaribia milimita 4 kwenye kengee fupi hivyo hukifanya kigumu kukatia matunda. Ukivaa kisu chochote shingoni ndani ya mashua, hakikisha ugwe wake unakatika kwa kuvutwa, maana kamba ya tanga ikiunasa haitakuuliza.

Cha mwisho, na ninakitaja ili kiachwe, ni kile kinachoigiza kisu cha kijeshi, chenye meno ya msumeno mgongoni, dira kwenye kifuniko na mpini mtupu uliojazwa viberiti na sindano. Nilikinunua Mombasa nikiwa kijana. Siku ya kwanza nilipokitumia kubandua nazi, kengee ilibaki kwenye nazi na mpini ukabaki mkononi, dira ikiwa bado inaonyesha kaskazini.

Kuhusu kutembea nacho, kisu cha kazi hakina ugomvi na mtu kikikaa mahali pake. Sheria ya Utaratibu wa Umma, Sura ya 56, inakataza kwenda na silaha kwenye mikutano na maandamano ya umma, basi siku ya siasa kiache nyumbani. Ukipanda ndege uwanja wa Manda, kitie kwenye mzigo unaokabidhiwa, na ukishika barabara ya Mokowe kwenda Garsen, penye ukaguzi wa walinda usalama, kiweke begini pamoja na vifaa vyako vingine. Mtume alimwelekeza anayepita msikitini au sokoni na mishale azishike ncha zake asije akamjeruhi Mwislamu, na kwa vichochoro vyetu, ambamo punda mwenye mawe akipita watu hujibana ukutani, ala ndiyo mkono unaoishika ncha hiyo.

Kila jioni kioshe kwa maji matamu, ukifute, ukipake tone la mafuta ya nazi, ambayo hayaharibu chakula. Ukienda kununua, omba ukione nje ya kifungashio: kielekeze ncha mbali nawe na utazame mgongo kwa jicho moja ili ujue kama umenyooka, kisha uyatazame makali kwenye mwanga, maana penye kumetameta ndipo palipo butu. Mwenye duka akikataa kukitoa kwenye plastiki yake, mshukuru uende duka linalofuata. Usita wa Mui una maduka ya kutosha.