Gundi ya tyubu kwenye viatu vya shule: hela imeenda na dharau juu

Nianze na kauli ya muuzaji, maana mpaka leo imenikaa kooni: "Mama, hii ni gundi, siyo miujiza. Kama huna hela ya viatu vipya, sema." Mbele ya wateja wenzangu, binti yangu yuko pembeni anasikia.

Jambo lenyewe dogo. Viatu vyeusi vya shule, ngozi bado nzima, soli ya kulia imebanduka mbele pale vidole vinapokunjia. Masika haya maji yalikuwa yanaingia mpaka soksi. Dukani kwake, Kariakoo, nilieleza vizuri kabisa kwamba ni kiatu cha mtoto, cha kutembelea kila siku. Akanipa kityubu cha gundi ya kukauka papo hapo, kina picha ya kiatu kwenye paketi. "Hii inashika kila kitu."

Kushika ilishika, sikatai, na siku ya kwanza nilimsifia. Lakini gundi hiyo ikikauka inakuwa ngumu, haikunjiki. Kwenye kikombe kilichovunjika sawa. Kwenye soli inayopinda kila hatua, lazima ipasuke. Mtoto karudi kutoka shule soli inapigapiga chini, ukingoni vipande vya gundi vimesimama vinakwangua soksi. Na kile kimvuke chake kimeacha ukungu mweupe juu ya ngozi nyeusi. Nimepiga kiwi mpaka mkono umechoka, ukungu uko palepale.

Nikarudi, wala sikudai hela. Niliuliza tu nitumie nini. Ndipo nikapewa hayo ya miujiza. Na nyuma yake, kwenye rafu, makopo ya gundi ya njano yamejipanga, ileile wanayotumia mafundi viatu wote wa mtaani! Alikuwa nayo tangu mwanzo.

Nilinunua kopo dogo duka jingine. Nikakwangua ile ya zamani yote, nikapiga msasa soli na ngozi, nikapaka pande zote mbili, nikaacha mpaka ukigusa kwa kidole haikuachii gundi, ndipo nikabananisha na kugonga kwa nyundo. Hapo kwenye kusubiri ndipo wengi wanaporuka, wanabandika ikiwa mbichi halafu inabanduka. Fungueni madirisha, harufu yake inapanda kichwani, na watoto wakae mbali. Mbele nikaongeza mishono michache ya uzi wa nailoni kwa msharasi. Mvua imenyesha vya kutosha na soksi zinarudi kavu.

Nilipanga kuwa muungwana nikiandika haya. Tyubu zina kazi yake, kwa mfano ua la sendo likichomoka au plastiki ya kisigino ikimeguka. Na duka lile lina vifaa ambavyo kwingine huvipati, misumari midogo, soli za kukata, kila kitu, bei nzuri. Kama mnajua mnachotaka, nendeni, mtaje, mlipe, mtoke.

Ila hapana. Njiani binti aliniuliza kama ni kweli hatuna hela. Mtoto wa darasa la tatu! Mtu anayemjibu mzazi hivyo mbele ya mwanawe hastahili shilingi ya mtu yeyote, hata angekuwa anauza nusu bei. Msiende.